Kata ya Marehemu Filemon

Sylvanus alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hakikuwa kicheko cha raha. Redio ya Khamisi fundi cherehani, iliyofungwa mpira kiunoni ili betri zisidondoke, ilikuwa imemaliza kusoma habari ya Damasko: rais wa Jamhuri ya Kiarabu ya Syria amefariki dunia leo, na leo hiihii bunge la huko limekaa, likafungua katiba, likafuta mahali palipoandikwa kwamba rais sharti awe ametimiza miaka arobaini, likaandika thelathini na minne. Mtoto wa marehemu ana miaka thelathini na minne.

"Hao mafundi wenzangu," Khamisi alisema bila kuinua macho kwenye suruali aliyokuwa akiikunja pindo. "Wamempima mtoto kwanza, ndiyo wakakata kitambaa."

"Angekuwa na ishirini na mbili, wangeandika ishirini na mbili."

"Na angekuwa bado yumo tumboni?"

"Wangeandika kwamba rais sharti awe ametungwa mimba."

Khamisi alikuwa mtu wa Njoro, babu Mmanyema, bibi Mpare, na mdomo wake mwenyewe. Cherehani yake ilikaa barazani mwa duka la Sylvanus la dawa za mifugo, jirani na soko la Mbuyuni, naye alimwita mwenye duka "Mangi wa Shamu", yaani chifu wa Syria. Jina hilo lilitokana na miaka ambayo Sylvanus alikaa Damasko akisomea udaktari wa mifugo, kwa ufadhili ambao serikali yetu ilikuwa ikiugawa enzi zile kama bibi agawavyo ndizi: wewe Bulgaria, wewe Cuba, wewe Syria, hakuna kuchagua. Mtoto wa Kikatoliki wa Masama, aliyekuwa hajavuka hata Dodoma, akapewa rozari na mama yake, akapanda ndege. Alirudi na shahada, na Kiarabu cha sokoni, na kinyaa ambacho hakikumtoka.

Kinyaa hicho hakikuwa cha watu. Watu wa kule walimlisha, walimwalika harusini, walimpa blanketi la pili baridi ilipouma. Kilikuwa kinyaa cha namna walivyotawaliwa. Kwa kutazama kwa mbali, ile ilikuwa jamhuri kamili. Ilikuwa na katiba iliyochapwa vizuri. Ilikuwa na Baraza la Umma, wakulima na wafanyakazi wamo, wanapiga makofi kwa pamoja. Ilikuwa hata na vyama zaidi ya kimoja, jambo ambalo sisi huku wakati ule tuliliogopa kama ndui. Lakini katiba hiyohiyo ilisema kwamba chama cha Baath ndicho kiongozi wa dola na wa jamii, na hivyo vyama vingine vilikuwa vimefungwa zizi moja nacho, vikila majani viliyotupiwa. Chama kinampendekeza mtu mmoja, Baraza linampitisha mtu huyohuyo, na kila baada ya miaka saba wananchi wanaulizwa: mnamtaka, hammtaki? Wa pili hayupo. Sheria ya hali ya hatari iliyotangazwa Sylvanus akiwa hajazaliwa ilikuwa bado inafanya kazi, na watu wa usalama walikuwa wa idara nyingi kiasi kwamba walipelelezana wenyewe kwa wenyewe. Na picha! Picha ya rais ilikuwa buchani, darasani, kwenye kioo cha teksi, na kwenye zizi la ng'ombe wa chuo.

"Mpaka zizini?" Khamisi aliuliza, ingawa hadithi hii aliijua.

"Mpaka zizini. Ng'ombe anazaa, yeye anatazama."

"Sasa mbona unatusimanga? Na sisi tulikuwa tunapiga kura, mtu na kivuli, ndiyo kwa mtu, hapana kwa kivuli. Mimi nilimpigia mtu mara zote. Kivuli kina faida gani?"

"Sisi aliyepigia kivuli alirudi nyumbani akala ugali wake," Sylvanus alisema. "Kule je? Ngoja nikwambie habari ya Abu Nizar."

Abu Nizar alikuwa mwoka mikate, na Sylvanus alipanga chumba juu ya oveni yake. Mwaka wa tisini na moja, siku ya kuulizana "mnamtaka, hammtaki", mtaa mzima ulipambwa vitambaa, wanafunzi wa kigeni wakakusanywa kwenye mabasi wakachezeshwa ngoma barabarani, na Sylvanus naye alicheza, maana stakabadhi ya chakula ilikuwa mikononi mwa haohao waliowachezesha. Alimsindikiza Abu Nizar kwenye shule ya kupigia kura. Ndani kulikuwa na kijichumba chenye pazia, kama inavyotakiwa kwenye jamhuri yoyote yenye heshima zake. Pazia lilikuwa jipya na halikuwa na alama ya mkono wa mtu. Wazee, vijana, kina mama wenye watoto mgongoni, wote walitia alama ya ndiyo pale mezani, mbele ya macho ya wasimamizi, tena wakiinua karatasi juu ionekane. Kwa nini uende nyuma ya pazia? Una nini cha kuficha? Abu Nizar aliinua yake juu kuliko wote. Alipofika nyumbani aliuosha mkono kwa sabuni, akausugua kwa jiwe la kusugulia nyayo, na Sylvanus alipomuuliza kwa nini basi hakuingia pale penye pazia, alijibu kwamba ana oveni, na unga wake unatoka kwa serikali. Jioni redio ikatangaza: asilimia tisini na tisa na ushee wamesema ndiyo.

"Nikamtazama yule mtu mzima," Sylvanus alimalizia, "mwenye ndevu, mwenye wajukuu, nikaona kinyaa. Mimi ningeingia nyuma ya pazia, Khamisi. Wallahi vile."

"Mkatoliki anaapa wallahi," Khamisi alisema, akakanyaga pedali ya cherehani.

Hayo yalikuwa mjini. Nyumbani Masama kulikuwa na jambo jingine, nalo lilikuwa maji.

Kihamba cha mama yake, mzee Mektrida, yaani shamba lake la nyumbani la migomba na kahawa, kilikuwa mkiani mwa mfongo. Asiyejua mfongo aambiwe: ni mfereji waliouchimba mababu kutoka korongoni juu kabisa, karibu na msitu, ukateremka ukipita kihamba hadi kihamba, na kila nyumba ina zamu yake ya kufungulia maji kwenye migomba na kahawa. Aliye juu hunywa kwanza. Aliye mkiani hunywa kile ambacho wa juu wamesahau kukinywa. Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho mtu wa mkiani anakitaka hapa duniani, kabla ya bati na kabla ya ng'ombe wa kisasa, ni mwenyekiti wa mfongo mwenye haki.

Mzee Filemon alikuwa amekikalia kiti hicho tangu Sylvanus akiwa hajaota ndevu. Kwanza alikuwa na haki. Baadaye akawa na haki ya kutosha. Mwishoni, lile shamba la kahawa la mzungu wa zamani, ambalo lilitaifishwa, likafa, likauzwa, lilipopata mwekezaji anayepanda maua ya kupeleka Ulaya, maji ya mkiani yakaanza kuchelewa, na mzee Filemon akaanza kulalamikia mvua. Maua yale, waliosema waliyaona walisema, yalikuwa mazuri sana. Wakati huohuo migomba ya Mektrida ilikuwa inakunja majani kama mtu anayejifunika baridi, na mkungu uliotoka ulikuwa na ndizi za kuchekesha kuku.

Mwezi wa saba mzee Filemon akafa. Mungu amlaze pema. Hata kabla udongo wa kaburi haujatua, jina la Antoni lilikuwa limeshapanda na kushuka mfongo mzima.

Antoni alikuwa kitindamimba wa marehemu. Aliishi Dar es Salaam, Sinza, akiuza vipuri vya magari, na Masama alionekana Krismasi tu, akiwa ndani ya gari lenye vioo vyeusi. Hakuwa na ubaya wa uso, na alisalimia wazee vizuri, shikamoo zake ndefu. Lakini siku za msaragambo, watu wote wanapoingia mfongoni na majembe kuzoa tope, hakuna aliyewahi kumwona hata nyayo. Tena mfongo una sharti lake la tangu mababu, ambalo hata watoto wanalijua: mwenyekiti awe na mafiga yake mwenyewe kwenye mfongo. Yaani awe na nyumba inayopika, mke anayechota, ndizi zinazokauka maji yakikosekana. Asiye na mafiga haumwi na kiu ya mtu. Antoni mafiga yake yalikuwa jiko la gesi la Sinza. Na kwenye gari lenye vioo vyeusi alishuka, siku ya mazishi, pamoja na msimamizi wa shamba la maua.

Sylvanus alipanda Masama siku moja kabla ya matanga kumalizwa. Alikaa jikoni kwa Theodora, mjane aliyepakana na mama yake, ambaye kihamba chake ndicho cha mwisho kabisa, baada yake ni majani makavu na barabara. Mzee Sirili wa jirani alikuwapo, na kikohozi chake, na mzee Mektrida akimenya ndizi za mtori.

"Kesho watamsimika Antoni," Theodora alisema. "Katibu Wenseslaus ameshazunguka nyumba za juu. Pombe imeshatiwa ulezi."

"Sharti la mafiga je?" Sylvanus aliuliza.

"Watalipindua."

"Basi tukatae. Wazi, mbele ya watu. Nyumba tatu za mkiani zikikataa, na za katikati zitapata ulimi. Mimi nimeishi kwenye nchi ambayo hakuna aliyekataa, najua inavyonuka."

Akawasimulia Damasko, pazia na Abu Nizar na ile asilimia. Sirili alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Theodora hakucheka. Alimtazama Sylvanus, akasema, "Wewe ndiye msomi, baba. Ukianza, mimi nafuata. Lakini uanze kweli."

"Naanza."

Mzee Mektrida aliendelea kumenya ndizi. Hakuulizwa neno.

Matanga yakamalizwa kwa misa, halafu nyama, halafu pombe ya mbege. Mapipa yalipangwa chini ya migomba ya marehemu, ambayo, Sylvanus aliona, ilikuwa ya kijani kibichi, imenona, maji yakicheza miguuni mwake. Antoni alikuwa amekalia kigoda cha baba yake. Suti nyeusi, viatu vinang'aa, uso wa mtu mwema mwenye msiba. Wenseslaus katibu alisimama. Aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, na bado aliongea kama anayeandikisha imla.

"Ndugu zangu wa mfongo. Marehemu kabla hajafa aliagiza. Alisema mfongo usikae bila baba. Sasa kuna watu watauliza mafiga. Ni swali zuri. Wazee tumekaa asubuhi, tumeliangalia, tumekubaliana: mafiga ya baba ni mafiga ya mwana. Mama yake Antoni si anapika? Moshi si unatoka? Basi sharti limetimia, na wala hatukulivunja."

Watu waliguna namna ile ambayo inaweza kuwa ndiyo na inaweza kuwa nyama imekwama kooni. Wazee wamekaa asubuhi! Sylvanus alitaka kutema mate. Damasko walau walikuwa na jengo, wakavaa tai, wakafungua kitabu. Hapa katiba ya mababu ilirekebishwa na watu wanne wanaongoja supu.

"Na kura?" mtu mmoja wa nyumba za katikati aliuliza, sauti chini.

"Kura zinatugawa," Wenseslaus alisema kwa upole. "Tazama vyama vinavyotugawa mwaka huu. Sisi ni watu wa mila. Hii hapa ni kata ya marehemu. Itateremka kutoka kichwani mwa mfongo hadi mkiani, kama maji yanavyoteremka. Nyumba moja, kata moja. Atakayekunywa amemuaga marehemu, na amekubali agizo lake."

Hapo ndipo Sylvanus alipoutambua ujanja wote, na akaona jinsi ulivyo mzuri, na uzuri wake ndio uliomtia kinyaa. Kwa maana kata ya marehemu haikataliwi. Tangu dunia iumbwe, Mchaga hajakataa mbege ya kumuaga mtu. Asiyekunywa ana neno na marehemu, na mwenye neno na marehemu ataulizwa alimfanya nini. Walikuwa wamechukua kitu kisafi, heshima ya watu kwa maiti wao, wakakipaka kwenye kiti chao kama gundi.

Kata ikaanza safari. Kibuyu cha mkono mrefu, povu juu, makapi ya ulezi yakielea. Nyumba za juu zilikunywa kwa furaha, maana za juu hunywa daima. Nyumba za katikati zilikunywa zikitazama ndani ya kata, si nje. Yule aliyeuliza habari ya kura alikunywa mafundo makubwa, kama anayelipia swali lake. Kila kata iliporudishwa pipani Wenseslaus alitaja, "Nyumba ya fulani imekunywa," na watu wakaitika, "Aika!" Ahsante! Ahsante ya nini? Ya kunyang'anywa maji?

"Nyumba ya Sirili!"

Sirili hakuwapo. Mtoto wa ndugu yake alisema kifua kimembana tangu asubuhi, hakuweza kuinuka.

"Nyumba ya Sirili imekunywa kwa moyo," Wenseslaus alisema.

"Aika!"

"Nyumba ya Mektrida!"

Kata ilikuja moja kwa moja mikononi mwa Sylvanus, kwa sababu ndiye mwanaume wa nyumba hiyo. Ilikuwa nzito, na harufu ya ndizi iliyochacha ilimpanda puani. Alisimama.

"Mzee Filemon nilimheshimu," alisema, "na ningemnywea pipa zima. Lakini kata hii si yake. Kata hii ni ya kiti, na kiti hiki sikikubali. Antoni hana mafiga hapa. Maji yanakwenda kwenye maua na kila mtu anajua. Nyumba yetu haikunywa."

Antoni hakukasirika, na hilo ndilo lililomchukiza Sylvanus kuliko yote. Alimtazama kwa masikitiko, kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayekataa sindano. Msimamizi wa maua alitazama saa yake. Sylvanus aligeuka kumtafuta Theodora, akamwona ameshakaza midomo, amekusanya khanga yake, yu tayari.

Ndipo mzee Mektrida alipoinuka. Aliinuka taratibu kwa sababu ya magoti, akamfikia mwanawe, akaichukua ile kata mikononi mwake kama mtu anavyomwondolea mtoto kisu. Akanywa. Alikunywa yote, mpaka makapi, akaigeuza kata chini watu waone kwamba haina kitu.

"Nyumba ya Mektrida imekunywa!"

"Aika!"

"Mama," Sylvanus alinong'ona.

"Kaa chini, Silvani," mama yake alimwambia kwa sauti ndogo, akijifuta povu mdomoni. "Wewe umekataa, unaondoka na gari la saa kumi. Mimi nakataa nikalale wapi?"

Kata ikajazwa tena, ikaenda kwa Theodora. Theodora alimtazama Sylvanus, akamtazama Mektrida, kisha Sylvanus tena. Khanga aliyokuwa ameikusanya akaiachia. Akanywa.

"Nyumba zote zimekunywa," Wenseslaus alitangaza. "Hakuna nyumba iliyokataa. Bwana Yesu asifiwe."

Sylvanus alikuwa bado amesimama palepale katikati ya watu, mrefu kama mlingoti. Walimpitia kando wakienda kumpa Antoni mkono.

Mjini hakumsimulia Khamisi. Redio ilisema Syria nao wameshaulizwa, na wameshajibu, asilimia tisini na saba. Khamisi akasema mtoto amepungukiwa kidogo kuliko baba, labda ni unyenyekevu. Sylvanus aliingia ndani kupanga chupa za dawa ya kupe. Hakuweza tena kucheka habari ile. Usiku alikumbuka mkono wa Abu Nizar, ulivyokuwa mwekundu chini ya maji ya bomba, na jinsi yeye alivyosimama mlangoni akimhukumu kwa shibe ya mkate wa mtu yuleyule.

Kiangazi kilikaza. Agosti ilipokuwa inaelekea ukingoni alipanda Masama akiwa na gunia la pumba kwa ajili ya ng'ombe wa mama. Alitegemea kukuta kihamba kimekufa. Akakuta maji. Mfongo ulikuwa umejaa mpaka mdomoni, maji ya kahawia yenye nguvu, yanaingia kwenye migomba kwa sauti ambayo hajaisikia tangu utoto. Majani yalikuwa yamefunguka. Mzee Mektrida alikuwa amesimama katikati, sketi ameipandisha magotini, miguu ndani ya tope, anacheka kama msichana.

"Shikamoo, mama. Imekuwaje?"

"Marahaba, mwanangu! Antoni mwenyewe alipita. Kijana mzuri, sikujua. Amesema nyumba ya daktari isiteseke. Amesema daktari ni mtu wa kusikilizwa. Kila wiki tunapata zamu mbili, tena za mchana! Sirili amenuna, lakini Sirili alikuwa wapi siku ile?"

"Zamu ya pili ni ya nani?"

Mama yake aliinama kuokota jani lililokuwa limeziba mkondo. "Maji ni ya Mungu," alisema.

Sylvanus alitazama ng'ambo ya uzio wa masale. Kihamba cha Theodora kilikuwa rangi ya gunia. Mgomba mmoja ulikuwa umeanguka na haukuinuliwa. Kisha Theodora mwenyewe akatokea kwenye njia ya katikati, ndoo kichwani, akasimama mpakani kama watu wanavyosimama mlangoni kwa wenye mali.

"Hodi hapa. Mama Mektrida, naomba ndoo moja ya ndama."

"Chota, mwanangu, chota tu," Mektrida alisema kwa ukarimu mkubwa.

Theodora alichota. Alipoinua ndoo macho yake yalikutana na ya Sylvanus. Hayakuwa na hasira, na afadhali yangekuwa nayo. Yalikuwa macho ya mtu aliyejifunza bei ya kitu sokoni.

"Daktari," alisema. "Sisi tulikunywa, tukakauka. Wewe ulijua kukataa."

"Theodora, mimi sikuomba haya. Mungu ni shahidi, sijaongea na Antoni hata neno moja."

"Nani amesema umeomba? Mtu mkubwa haombi. Anasimama mbele za watu, anasema hapana, halafu anangoja." Aliweka sawa kata yake ya majani kichwani, akapandisha ndoo. "Ungeniambia tu siku ile jikoni kwamba ndiyo mpango. Na mimi ningesimama."

Akaondoka taratibu, maji yakimdondokea begani.

Sylvanus alibaki pale mpakani. Kama Antoni angemtukana, au angemkatia mama yake maji kabisa, angalau angebaki na ile hapana yake, nzima, ya kuishika mkononi. Lakini walikuwa wameinunua bila kumuuliza bei, na mlipwaji alikuwa mama yake, na malipo yalikuwa yanapita hapa miguuni, yanang'aa juani. Alijisikia amepakwa kitu ambacho jiwe la nyayo halingekitoa. Alitaka kwenda mpaka juu kwenye banio la kugawia maji akalivunje kwa mikono.

"Silvani!" mama yake aliita kutoka kwenye migomba. "Hebu njoo na jembe. Ukingo umetoboka pale mpakani, maji yanapotelea kwa Theodora."

Alikwenda. Ni kweli ukingo ulikuwa umetoboka, tundu la ukubwa wa ngumi, na maji yalikuwa yanachuruzika chini ya masale kuingia kwenye udongo mkavu wa jirani, ambao uliyanywa bila kubakiza hata unyevu.

"Mama, tuyaache. Ni kidogo tu."

"Kidogo! Saa moja tu, tundu limeshakuwa mlango. Zamu yangu inaisha jua likifika pale kwenye mti wa mgrivea. Nina migomba ile ya nyuma haijapata hata tone tangu Pasaka." Aliacha kucheka. Alionekana ghafla mzee sana, miguu miembamba ndani ya tope. "Mwanangu. Mimi sina duka mjini. Nina hii tu. Ziba."

Sylvanus alisimama na jembe. Ng'ambo, mlangoni kwa jiko lake, Theodora alikuwa ameshatua ndoo na alikuwa anamnywesha ndama, mgongo ameupa huku. Maji yalikuwa yamefika kwenye shina lake la kwanza.

Akakata bonge la udongo wenye nyasi, akalikandamiza kwenye tundu kwa kisigino, akaongeza la pili, akalipigapiga kwa bapa la jembe mpaka pakawa pagumu. Alijichukia kwa kila pigo. Lakini alipaziba vizuri, maana alikuwa mtoto wa mfongo, na hakuwahi kufundishwa kuziba vibaya.